Tairi Lililolika Upande

Alfajiri alirudi nyumbani jua halijapanda juu ya mapaa, na mkewe, aliyekuwa barazani akipinda sare ya shule ya mtoto wa jirani, akajua kuna neno. Mtu wa kupeleka mikate madukani harudi saa hizo. Saa hizo huwa bado yuko njiani, kreti zimefungwa nyuma ya pikipiki, na wenye maduka wamechomoza vichwa milangoni wakimsubiri. Ndio waliompa jina la Alfajiri, maana kwao kulikuwa hakuchi mpaka pikipiki yake isikike kona.

"Unaumwa?" mkewe aliuliza, akiinua mguu kutoka kwenye pedali ya cherehani.

"Nani kakwambia naumwa?"

"Hakuna aliyeniambia. Naona umerudi mapema, nauliza."

Alfajiri aliegemeza pikipiki ukutani, akavua kofia ngumu, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alikaa kama mtu anayejaribu maji kwa kidole: polepole, kisha akaganda hapo hapo.

"Tairi," alisema. "Wameniweka kiti moto kwa ajili ya tairi."

Maneno yalitoka vipande vipande, na Mama Pacha, kama alivyoitwa tangu alipojifungua mapacha wake wa kike, aliyaunga mwenyewe kichwani. Tajiri wao, Mama Mikate, mwenye tanuri, alikuwa ametoka uwanjani kuhesabu magunia ya unga. Jicho lake likaanguka kwenye tairi la nyuma la pikipiki. Lilikuwa jipya juzi tu, na sasa upande wake wa kulia ulikuwa mtupu, laini kama kipara, hali upande wa kushoto ungali na meno yake yote kama lilivyotoka dukani. Tena lile lililotangulia nalo lilikwenda vivyo hivyo. Mama Mikate akainama, akalipapasa. Hakusema kitu. Aliyesema ni mpwa wake, msimamizi wa kazi, kijana ambaye sauti yake ilikuwa kubwa kuliko cheo chake.

"Njooni muone maajabu!" aliwaita wachomaji wa mikate, nao wakatoka na mikono yao ya unga. "Mkate ni upepo mtupu. Tangu lini upepo ukala tairi? Huyu bwana akimaliza mikate yetu anabeba saruji ya watu, tena anaining'iniza upande mmoja kama punda."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, alisema Alfajiri. Walicheka kwa sababu msimamizi alikuwa anacheka.

"Na Mama Mikate?"

"Kasema nitafute fundi yeyote ninayemtaka, Jumamosi nimpelekee sababu. Nikiwa na sababu, naendelea na kazi. Nisipokuwa nayo, niiache pikipiki pale uwanjani."

Mama Pacha alikata uzi kwa meno. Swali lilikuwa limemkaa ulimini, na alijua likitoka litauma, lakini aliona bora liume leo kuliko lioze.

"Na saruji, umebeba?"

Mume wake aliinua kichwa.

"Hata wewe?"

"Nimeuliza mara moja. Sitauliza tena."

"Sijabeba hata kokoto ya mtu."

"Basi yameisha," alisema, akakanyaga pedali, na cherehani ikaanza tena kunguruma. Lakini hayakuwa yameisha, na wote wawili walijua.

Fundi Spoku alikuwa na banda la mabati kando ya barabara, na tabia ya kuita kila pikipiki "mgonjwa". Mama Pacha aliandamana na mumewe huko bila kuitwa. Alfajiri hakujua kubishana na mafundi. Chochote alichoambiwa aliitikia "sawa". Mama Pacha, kwa upande wake, maisha yake yote yalikuwa ni kubishana na watu juu ya vipimo.

"Mgonjwa huyu kalala upande gani?" fundi aliuliza, akipiga magoti. Alipoliona tairi alipiga mluzi. "Ala! Hili halijalika, limenyolewa."

Akaanza na upepo, maana tairi lenye upepo mdogo hulika ovyo. Upepo ulikuwa sawa. Akainua gurudumu likawa linaning'inia, akalizungusha, akalitingisha kwa mikono miwili asikilize kama beringi zinacheza. Hazikucheza. Akapima cheni, akatazama alama za pande mbili pale ekseli inapokazwa, maana fundi mzembe akikaza upande mmoja zaidi ya mwingine, gurudumu hukaa mshazari. Alama zililingana.

"Ilianguka lini?"

"Haijawahi kuanguka," alisema Alfajiri.

"Kila mtu husema hivyo. Haijawahi kuanguka, ila siku moja ililala kidogo."

"Haijalala wala haijasinzia, fundi."

Fundi Spoku akacheka, akatafuta kamba ya kunyoshea magurudumu, akaipata chini ya kopo la grisi, imejaa mafundo. Mama Pacha akafungua mkoba wake, akatoa kidonge cha uzi mzito wa kushonea mabegi. Wakaunyosha wao wawili, yeye mbele, fundi nyuma, uzi ukipita ubavuni mwa matairi yote mawili. Kisha wakahamia ubavu wa pili. Fundi alifumba jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu.

"Shemeji," alisema mwishowe, "mgonjwa wenu hana ugonjwa. Pikipiki hii imenyooka kuliko tabia yangu."

Mama Pacha alianza kufurahi, kisha akaacha. Kama pikipiki haina kasoro, basi kasoro iko kwa anayeipanda. Ndivyo msimamizi atakavyosema Jumamosi, tena kwa ushahidi wa fundi waliyempeleka wao wenyewe.

"Kreti unazifungaje?" fundi aliuliza.

"Katikati. Mbili kwa mbili, mkanda juu."

"Hebu iendeshe mpaka pale kwenye kona, urudi."

Alfajiri aliisukuma pikipiki mpaka kwenye ukingo wa mtaro uliojengwa juu kidogo, akapanda kutokea hapo. Mama Pacha aliona. Banda lile lilikuwa na uwanja mpana, tambarare, na mtu mwenye miguu mirefu kama mumewe hakuwa na haja ya kwenda kutafuta ngazi. Kisha pikipiki ikaondoka, akamwona kwa nyuma.

Alikuwa amekaa upande. Si sana, mpita njia asingetambua. Lakini mshonaji hutambua bega moja lililoshuka kabla mwenye bega hajavua koti. Mume wake alikuwa ameubwaga uzito wote kwenye kalio la kushoto, na kiuno chake cha kulia kilikuwa kimeinuka kidogo juu ya kiti, kama mtu aliyekalia mwiba na hataki watu wajue.

Ndipo zilipomjia akilini suruali. Mwaka mzima alikuwa akizitia viraka suruali za kazi za mumewe, na kila mara mahali pamoja: kalio la kushoto. Alikuwa amemtania kwamba labda upande huo una meno. Mwenyewe alicheka, akageuza mazungumzo.

"Lakini haiingii akilini," alijisemea, kumbe kwa sauti.

"Nini, shemeji?"

"Mtu akikaa kushoto, tairi lingelika kushoto. Hili limelika kulia."

Fundi Spoku naye alikuwa akiitazama pikipiki ikizunguka kwenye kona.

"Wewe ukichota maji, ndoo ukaishika mkono wa kushoto, mwili wako unakwenda wapi?"

Mama Pacha hakuhitaji kufikiri. Mwili wake uliojua ndoo tangu utotoni ulijibu wenyewe. Aliinamia kulia hapo aliposimama.

"Ehe," fundi alisema. "Na pikipiki hivyo hivyo. Uzito ukiizidi kushoto, inalalia kulia isije ikaanguka. Siku moja haina neno. Kila siku, kutwa, barabara ndefu, na kreti juu yake..." Akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nimejua sasa hivi, kama wewe."

"Basi mwambie."

"Mimi ni fundi wa pikipiki, shemeji," alisema Fundi Spoku kwa upole. "Ya juu ya kiti si kazi yangu."

Alfajiri aliporudi na kuuliza, "Enhe, vipi?" fundi alimwambia pikipiki ni nzima na kwamba Jumamosi, akihitajika, atakuja kusema hivyo hivyo. Alfajiri akaitikia, "Sawa."

Mama Pacha hakumwuliza njiani. Alikaa nyuma yake amemshika kiunoni, na kila pikipiki ilipoingia shimoni alihisi chini ya viganja vyake mwili wa mumewe ukikaza, ukisubiri, kisha ukilegea. Alishangaa jinsi mtu anavyoweza kulala kitanda kimoja na mwenzake miaka yote hiyo asijue. Au alijua? Alikuwa amejua kwamba siku hizi huvaa soksi ameketi. Alikuwa amejua kwamba hachuchumai tena kupuliza jiko, na akamwita mvivu.

Walipofika nyumbani aliingia chumbani, akatoka na kikapu cha nguo za kurekebisha, akazitandaza suruali juu ya meza ya cherehani, moja baada ya nyingine, makalio juu.

"Hizi ni nini?" Alfajiri aliuliza.

"Wewe nieleze."

Alizitazama. Kwa kitambo ilionekana kama atatania, kisha uso wake ukachoka ghafla, akavuta kiti.

"Nyonga," alisema. "Ya kulia. Ilianza kama ganzi, nikasema ni baridi ya asubuhi. Sasa ni kama mtu ananichokonoa kwa bisibisi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zile za mwaka jana."

"Na hospitali?"

"Nimenunua vidonge dukani."

"Dukani! Baba Pacha, mwenye duka unampelekea mikate, naye ndiye anayekutibu?"

Mama Pacha alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kinachotetemeka, lakini hicho hakutaka kukigusa bado.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungesema nipumzike. Nikipumzika, pikipiki anapewa mwingine. Nani alipumzika pale tanurini akarudi akakuta nafasi yake?"

"Na sasa wanakuita mwizi."

"Waniite." Aliinua macho, na Mama Pacha akaona kwamba jambo hili alikuwa ameshalifikiri, peke yake, huko barabarani. "Mwizi akifukuzwa anahamia mtaa wa pili, anatafuta kazi nyingine. Huenda hata hawajasikia. Mtu asiyeweza kubeba kreti anakwenda wapi? Nani anamchukua? Mimi sina cheti, mke wangu. Nina miguu na mikono, basi."

"Mficha maradhi..."

"Usiniletee methali," alisema Alfajiri. "Methali hailipi ada za watoto."

Mama Pacha akazikunja suruali. Alizikunja vizuri, kama za mteja. Alikuwa na la kusema juu ya ada, juu ya nani hukesha na sindano karibu na kila muhula mpya, lakini alilimeza. Hakuwa akimwogopa. Ila alitambua kwamba mumewe alikuwa akisema ukweli, na ukweli wake ulikuwa mbaya. Katika tanuri lile, kati ya mwizi na mgonjwa, ni kweli kwamba mwizi alikuwa na matumaini zaidi.

"Siri ni yako," alisema baadaye. "Sitaitoa mimi. Lakini Jumamosi nakuja na wewe."

"Kufanya nini?"

"Kusimama."

Uwanja wa tanuri ulikuwa umejaa joto na harufu ya chachu. Magunia yalikuwa yamepangwa upande mmoja, kreti tupu upande mwingine, na pikipiki ikawekwa katikati kama ng'ombe wa mnada. Msimamizi alikuwa ametafuta shughuli iliyowaleta wachomaji wote nje: eti wakung'ute magunia. Mama Mikate alikaa kwenye stuli mlangoni, miwani imemshuka puani.

Fundi Spoku alikuja, kama alivyoahidi. Alisema upepo ni sawa, beringi ni sawa, cheni ni sawa, fremu imenyooka. Alisema hivyo kwa haraka, akitazama tairi, bila kumtazama mtu.

"Asante, fundi," alisema msimamizi. "Shangazi, umesikia? Fundi wake mwenyewe. Pikipiki haina tatizo."

Mama Mikate alivua miwani.

"Basi sababu ni nini, Alfajiri?"

Alfajiri aliupapasa ufunguo mfukoni.

"Nakuuliza kwa wema. Umekuwa na mimi siku nyingi. Ulikuwa unabeba nini?"

"Mikate, Mama."

"Mikate hailazi pikipiki upande," msimamizi alisema. "Sema tu, mtu mzima. Saruji? Mitungi ya gesi? Kila mtu ana njaa, tutaelewa."

Kuna mmoja aliyecheka, safari hii peke yake, akanyamaza. Mama Pacha alisimama karibu na magunia, mikono ameifumbata. Maneno yalikuwa yamempanda mpaka kwenye meno. Angeweza kuyamaliza yote kwa sentensi moja. Alimtazama Fundi Spoku, na fundi akainamisha kichwa. Mama Pacha alikuwa amemwahidi mumewe kwamba hataitoa siri, naye hakuwa mtu wa kuahidi ovyo, na hakuwahi kujua kwamba kutimiza ahadi kunaweza kufanana hivi na kumtelekeza mtu.

Alfajiri alitoa ufunguo mfukoni. Akauweka juu ya kiti cha pikipiki, taratibu, usianguke. Kisha akageuka kuondoka, na wachomaji wakampisha. Kupishwa kule ndiko kulikomshinda. Walimpisha huku wakivuta nguo zao kando, watu aliowahi kuwapelekea wake zao kujifungua kwa pikipiki ile ile, na walivyofanya hivyo hakuna aliyemtazama usoni.

Akasimama.

"Mama," alisema bila kugeuka. "Nitazame."

Mlango wa tanuri ulikuwa na vidaraja vitatu vya saruji. Kwa miaka yote alivipanda na kreti mikononi, akipiga mluzi. Sasa aligeuka, akavikabili mikono mitupu. Aliweka mguu wa kushoto juu, akaushika ukuta, akauvuta wa kulia nyuma yake kama mzigo wa mtu mwingine. Daraja la pili vivyo hivyo. Kwenye la tatu sauti ndogo ilimtoka, ya kitoto, nayo ilisikika uwanja mzima kwa sababu uwanja mzima ulikuwa umenyamaza. Akafika juu, karibu na stuli ya Mama Mikate, jasho linamtiririka.

"Ni nyonga," alisema. "Siwezi kuikalia. Nakaa upande, pikipiki inalala upande wa pili, tairi linakwisha. Sijabeba kitu cha mtu. Sikusema kwa sababu nilitaka kazi."

Mama Mikate alikuwa mwanamke mgumu, na ugumu wake watu waliuheshimu kwa sababu haukuchagua. Alimtazama Alfajiri kuanzia usoni mpaka miguuni, kisha akatazama vidaraja, kana kwamba hajawahi kuviona.

"Mwizi ningejua la kumfanya," alisema.

"Najua, Mama."

"Pikipiki sikupi. Ukianguka barabarani na mguu huo, ni mimi nitakayekuja kusimama mbele ya mkeo."

"Najua."

"Nenda hospitali. Hospitali, si dukani. Ukirudi utakaa dirishani, kwenye simu na oda. Mshahara wa dirishani si wa barabarani, usije ukanililia baadaye."

Alfajiri aliitikia kwa kichwa. Msimamizi alikuwa ameokota gunia, akilikung'uta ingawa lilikuwa halina kitu. "Angesema mapema tusingefika huku," alinung'unika. Mama Mikate akavaa miwani yake, akajiandaa kuinuka. Wachomaji wakaanza kurudi ndani, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka msibani. Na hapo Mama Pacha, ambaye siri sasa haikuwa tena juu ya ulimi wake, akasogea mbele.

"Mama, samahani. Bado."

"Bado nini tena?"

"Ameitwa mwizi mbele ya watu wote hawa. Uliuliza mbele yao. Naomba na jibu lisemwe mbele yao."

"Si wamesikia wenyewe?"

"Wamesikia nyonga. Hawajakusikia wewe."

Uso wa Mama Mikate ukajikunja. Fundi Spoku alikohoa. Kwa kitambo Mama Pacha alifikiri kwamba ameharibu, kwamba hata dirisha limekwenda. Lakini hakurudi nyuma hata hatua. Mwanamke yule mkubwa akainuka kwenye stuli, akashika kiuno, akapaza sauti ile aliyoitumia kukemea mkate ulioungua.

"Nyie! Rudini hapa. Alfajiri hakuiba kitu. Hakubeba mzigo wa mtu. Nikimsikia mtu anasema vingine, atanieleza mimi." Kisha akamgeukia mpwa wake. "Na wewe umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

"Haya. Mikate inaungua."

Uwanja ukawa mtupu. Fundi Spoku aliaga kwa kuinua mkono, akaenda zake. Alfajiri alikuwa bado juu ya vidaraja, ameegemea ukuta, na kutoka pale mpaka lango la nje palikuwa na uwanja wote wa kuvuka, na nyuso ndani ya tanuri, nyuma ya moshi, zikijifanya hazitazami.

Mama Pacha alingoja. Alijua mumewe: angejinyoosha, angeuma meno, angevuka kama mtu anayekwenda harusini, kisha angeanguka nje ambako hawamwoni.

"Mama Pacha," Alfajiri aliita. Hakunong'ona. "Njoo unishike."

Akapanda, akapitisha mkono chini ya kwapa lake. Yeye akauweka mkono wake begani mwa mkewe na kujiachia kweli kweli, uzito wote, na Mama Pacha akapepesuka kidogo, maana alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Wakashuka. Wakavuka uwanja kwa mwendo wa Alfajiri, si wa mtu mwingine. Katikati ya njia mkokoteni wa unga ulikuwa unaingia langoni. Wakasimama kuupisha, lakini mwenye mkokoteni, alipowaona, alisimama yeye, akauvuta pembeni, akangoja wapite.